Hutaajiriwa: Mwongozo kwa Anayeutamani Ubarista wa London

Jambo la kwanza la kufahamu kuhusu barista wa sheria ya kazi ni kwamba yeye mwenyewe hana kazi. Hana mwajiri, hana barua ya ajira, hana likizo ya malipo, hana siku za kuugua, hana kiinua mgongo. Mambo yakimharibikia hakuna anayemfukuza. Ni simu tu ambazo haziiti tena. Jumatatu atamweleza jaji, kwa ufasaha wa kumtoa nyoka pangoni, jinsi mfagizi wa ofisi fulani alivyodhulumiwa siku zake 28 za mapumziko ya mwaka. Jioni atapanda treni na mafaili ya kesi ya Jumanne mapajani, na yeye mara ya mwisho kupumzika ilikuwa Pasaka, tena alikuwa na homa.

Barista, kwa asiyemjua, ni yule wakili wa Uingereza na Wales ambaye kazi yake ni kusema mahakamani na kutoa ushauri wa maandishi. Hapokei wateja mlangoni. Wateja hupokewa na solisita, ambaye huandaa kesi, huandika barua za vitisho vyenye adabu, kisha humkodi barista siku ya kwenda mbele ya jaji. Kwetu Kenya na Tanzania wakili mmoja hufanya yote mawili, na wengine hukuuzia na kiwanja. Waingereza wameikata kazi hiyo vipande viwili tangu zamani na kila kipande kina bei yake. (Tangu 2004 mteja anaweza kumwendea barista moja kwa moja, lakini wengi hawajui, na mabarista wengi hawana haraka ya kuwaambia.)

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, au aliyezaliwa Leicester kwa wazazi wa Unguja, ambaye ameshawatangazia shangazi zake kwamba anakwenda kuwa barista, tena wa kazi na biashara. Sina nia ya kumkatisha tamaa. Nataka tu asinunue wigi mapema.

Wigi

Najua picha uliyo nayo kichwani, kwa sababu hata wazee wetu walikuwa nayo. Ni ya D. N. Pritt, barista wa London aliyekwenda Kapenguria kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake mwaka 1952, na mwaka 1958 akaja Dar es Salaam kumtetea Julius Nyerere katika kesi ya kuwakashifu wakuu wa wilaya. Kesi zote mbili alishindwa. Kenyatta alifungwa, Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000. Lizingatie hilo: wakili anaweza kuingia katika historia ya nchi mbili bila kushinda hata moja, almuradi ameshindwa mbele ya umati.

Wewe hutakuwa na umati. Kesi za kazi na biashara husikilizwa katika vyumba vyenye zulia la kijivu, mbele ya watu sita ambao wanne wao wanalipwa kuwapo.

Na wigi hutalivaa sana. Wigi la manyoya ya farasi lilipatiwa hataza na Humphrey Ravenscroft mwaka 1822, na duka lenye jina la ukoo wake, Ede & Ravenscroft, linalojivunia kuanza 1689, bado linaliuza pale Chancery Lane kwa mamia ya pauni. Utalinunua kwa ajili ya sherehe, mama atakupiga picha, na utapewa kopo jeusi lenye jina lako kwa herufi za dhahabu. Halafu litakaa kabatini. Tangu Oktoba 2008 hata majaji hawavai wigi katika kesi za madai, na katika mabaraza ya kazi halikuwahi kuvaliwa. Nchini Kenya Jaji Mkuu Willy Mutunga aliyaondoa mahakamani mwaka 2011, kwa hiyo hata nyumbani huendi kulitambia.

Mlo

Ili uwe barista lazima kwanza ujiunge na mojawapo ya nyumba nne za kale: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Kwa karne nyingi sharti kubwa la nyumba hizo lilikuwa kula. Si mzaha. Mwanafunzi alipaswa kula idadi maalumu ya milo ukumbini, na aliyekwisha kula alihesabiwa kuwa ameendelea na masomo. Siku hizi milo imepungua na imechanganywa na mihadhara, lakini bado ipo, na bado utajiuliza uma upi unatangulia.

Mohandas Gandhi alipitia hapo, Inner Temple, akapokewa ubarista Juni 1891. Hakula nyama wala hakunywa mvinyo, na ndiyo maana kila meza ilimgombea: chupa ziligawiwa kwa watu wanne wanne, na aliyekaa na Gandhi alikuwa na uhakika wa mgao wa ziada. Kama wewe ni mtoto wa Kiislamu kutoka pwani, utapendwa vilevile, na kwa sababu ileile.

Ukichagua Middle Temple, usiku wa kupokewa utatia saini katika daftari lililowekwa juu ya meza inayosemekana ilichongwa kutokana na mbao za Golden Hinde, meli ya Francis Drake. Wahispania walimwita Drake haramia. Malkia Elizabeth wa Kwanza alimpa cheo. Ukiandika jina lako juu ya mbao hizo na kulitafakari jambo hilo, utakuwa umeshaelewa sehemu kubwa ya sheria ya biashara.

Unagenzi

Baada ya shahada, na baada ya kozi ya ubarista ambayo ada yake inaweza kukaribia pauni 20,000, unahitaji mwaka mmoja wa unagenzi ndani ya chemba. Chemba si kampuni. Ni mabarista kadhaa, kila mmoja kivyake, wanaochanga kodi ya jengo, mishahara ya makarani na bei ya mashine ya kahawa. Wanaozitaka nafasi za wanagenzi ni wengi kupita kiasi, na usipoipata ndani ya miaka mitano cheti chako cha kozi hupoteza nguvu.

Kwenye usaili utapewa hoja ya kutetea. Ukishaitetea, mzee mmoja mwenye miwani atakuambia umekosea. Ukikubali haraka, umeshindwa kwa kuwa huna msimamo. Ukikataa kabisa, umeshindwa kwa kuwa husikilizi. Jibu linalotakiwa ni lile la mtu anayekubali kwa mdomo na kuendelea kukataa kwa hoja, na aliyelelewa na bibi wa Kiswahili ana faida kubwa hapo. Sijui kwa nini hawaliandiki katika matangazo yao.

Miezi 6 ya kwanza hufungui mdomo mahakamani. Unamfuata msimamizi wako kila aendako, umebeba mafaili, unaandika anachosema, na jioni unamwandikia rasimu ambayo ataisoma, atashukuru, kisha ataandika yake upya. Miezi 6 ya pili unaruhusiwa kesi zako mwenyewe, nazo ni ndogo, ziko mbali, na siku hiyo inanyesha.

Hapa ipo kesi ambayo mwanagenzi wa sheria ya kazi huisoma kwa uchungu. Katika Edmonds dhidi ya Lawson, mwaka 2000, mwanagenzi mmoja alidai alipwe kima cha chini cha mshahara. Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba ana mkataba na chemba. Lakini ikasema mkataba huo haumfanyi kuwa mfanyakazi wala mwanafunzi wa ufundi, hivyo kima cha chini hakimhusu. Wenye kanuni za taaluma waliona aibu baadaye, na tangu 2003 unagenzi usio na malipo umepigwa marufuku. Leo chemba kubwa za biashara humpa mwanagenzi zaidi ya pauni 70,000 kwa mwaka, na chemba ya jinai iliyo mtaa wa pili hutoa kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Shangazi zako wasiambiwe kuhusu chemba ya jinai.

Mwaka ukiisha wenye chemba hukutana kupiga kura kama uwe mpangaji wa kudumu au uende zako. Mtu akifanya kazi mahali kwa muda wa kutosha, akaondolewa bila sababu ya kueleweka, wewe kwa wakati huo utakuwa umelijua jina la dai lake, kifungu chake na fidia yake. Halikuhusu. Ulichonacho ni kifungu cha 47 cha Sheria ya Usawa ya 2010, kinachokataza mabarista wasikubague kwa rangi, jinsia, dini na mengineyo. Nje ya hapo wana uhuru kamili wa kutokupenda tu.

Karani

Usidanganywe na cheo. Kwetu karani ni yule anayekuambia njoo kesho. Katika chemba, karani ndiye anayeamua kesho yako iko wapi.

Yeye ndiye anayepokea simu za masolisita, anayetaja bei yako, anayekusifu na anayekutupia kapuni. Yeye ndiye mwenye shajara. Barista wa heri hazungumzi fedha na mteja, maana ni utovu wa adabu. Karani huzungumza fedha kutwa nzima na adabu yake haijapungua. Makarani wa zamani waliingia chemba wakiwa vijana wa miaka 16, kutoka mashariki ya London na Essex, wakiletwa na baba au mjomba, kazi yao ikiwa kusukuma toroli la mafaili. Wakapanda hadi wakawa na sehemu katika kila pauni iliyoingia. Siku hizi wengi wana mshahara na bonasi, na wako wanaopata zaidi kuliko mabarista wanaowauza.

Saa 11:40 jioni, umeshavaa koti, simu italia.

"Bibi," atasema (makarani wa kizazi cha zamani bado humwita barista "bwana" au "bibi", hata wakati wanampangia maisha), "kesho una nafasi?"

"Kesho nimepanga kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno."

"Ni kesi ndogo tu, Bibi. Newcastle."

"Newcastle ni saa tatu kwa treni."

"Ndiyo maana nimekukatia tikiti ya alfajiri. Faili umeshatumiwa. Ni kurasa 600, lakini nyingi ni barua pepe."

Ukikataa, hatakasirika. Atasema hakuna neno, Bibi, na atamwita mwenzako wa chumba cha pili. Wiki ijayo pia atamwita mwenzako. Hutapata barua, hutapata onyo la kwanza wala la pili, hutaitwa kikaoni ukiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Na ukiamua kumshitaki, utagundua kwamba mwenye ajira kati yenu ni yeye: ana likizo, ana pensheni, ana notisi, na wewe ni mmoja wa mabosi wake. Chemba ndiyo nyumba pekee ninayoijua ambamo mtumishi ana haki zote za kazi na bwana hana hata moja.

Kwa hiyo mletee zawadi ya Krismasi.

Foleni ya teksi

Mabarista wana kanuni waliyoiazima kwa madereva wa teksi: aliye mbele kwenye foleni humchukua abiria yeyote anayekuja. Kama kesi ni ya fani yako, una nafasi na bei inafaa, hukatai kwa kuwa humpendi mteja. Kanuni hii ni nzuri, na ndiyo sababu hata mwajiri anayechukiwa na mtaa mzima hupata wa kumsemea. Lakini katika sheria ya kazi ina tabia ya kumzungusha mtu kichwa.

Jumatatu uko upande wa mwajiri. Unaisoma kwa sauti ya upole kesi ya British Home Stores dhidi ya Burchell ya 1978: mwajiri hahitaji kuthibitisha kwamba mtu aliiba, yatosha awe aliamini hivyo kwa dhati, kwa sababu za maana, baada ya uchunguzi wa kutosha. Jumatano uko upande wa mfanyakazi. Unaisoma kesi ileile, kwa sauti nyingine, na kumwuliza meneja ni uchunguzi gani huo uliofanyika kwa dakika kumi kabla ya chakula cha mchana. Alhamisi unakutana na meneja wa Jumatatu kwenye lifti, naye anakuamkia kwa bashasha. Wewe ni wa upande wake, anavyojua.

Uwanja wako ni baraza la kazi. La katikati ya London limekuwa kwa miaka mingi Victory House, barabara ya Kingsway, jengo ambalo ukilipita utadhani ni la bima. Mawakili wanauliza maswali wakiwa wameketi. Jaji huwa peke yake au na wajumbe wawili, mmoja mwenye uzoefu wa upande wa waajiri na mwingine wa upande wa wafanyakazi. Kama wewe ni mweusi, fika dakika kumi kabla, maana mlangoni utaulizwa kama wewe ndiye mlalamikaji. Mwaka 2020 barista mmoja kijana, mwanamke mweusi, alisimulia hadharani jinsi alivyodhaniwa kuwa mshitakiwa mara tatu kwa siku moja katika mahakama ya jinai. Wakuu wa mahakama walimwomba radhi.

Mtu wa kumwogopa humo si Wakili wa Mfalme, yaani barista wa ngazi ya juu mwenye kanzu ya hariri. Mwogope mlalamikaji aliyekuja peke yake, bila wakili, na daftari la shule lenye tarehe. Amefuatana na dada yake. Jaji atamsaidia kuuliza maswali, na ni haki amsaidie. Wewe ukimbana kwa dodoso kali, utaonekana mnyanyasaji. Ukimlegezea, mteja wako atauliza amekulipia nini. Naye katika daftari hilo, ukurasa ambao solisita wako hakuusoma, ana maneno aliyoambiwa na meneja siku ile ile, kwa saa na dakika.

Wapo waliofikiri watu wa aina hiyo ni wengi mno. Mwaka 2013 serikali iliweka ada ya kufungua na kusikilizwa kwa madai ya kazi, hadi pauni 1,200 kwa kesi nyingi, pamoja na zile za kufukuzwa isivyo haki. Madai yakaporomoka kwa takriban theluthi mbili. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilikwenda mahakamani, kikashindwa, kikakata rufaa, na Julai 2017 Mahakama ya Juu ikazifuta ada zote: haki ambayo mtu wa kawaida hawezi kumudu kuidai, walisema majaji, inazuiwa hata kama imeandikwa. Katika somo zima hili sijui hukumu inayosomeka vizuri kuliko hiyo. Kama utasoma moja tu kabla ya kuamua maisha yako, soma hiyo, na uiamini zaidi kuliko mwongozo huu.

Kesi nyingi, hata hivyo, hazifiki hukumuni. Huisha kwenye korido. Upande mmoja umekaa chumba cha walalamikaji, wa pili chumba cha walalamikiwa, na mabarista wawili wanasimama kati ya milango, wakiitana "msomi mwenzangu" na kutajiana namba. Utarudi kwa mteja wako, mama aliyefanya kazi miaka 19 kwenye kampuni ya usafi, umwambie wamefika pauni 14,000. Atakuuliza kama wataomba msamaha. Utamwambia baraza haliwezi kumlazimisha mtu aombe msamaha. Atanyamaza, kisha atauliza kama basi inaweza kuandikwa mahali kwamba hakuiba ile sabuni. Hilo utalipigania kwa nusu saa nzima, kwa bidii kuliko ulivyopigania zile pauni, na mara nyingine utalipata: sentensi moja, katika barua ya sifa, yenye maneno yaliyokubaliwa na mawakili wanne. Kozi haikufundishi kipande hiki cha kazi.

Kuku

Sasa upande wa biashara, ambako wanaume wenye suti hugombana kuhusu nani ataruhusiwa kwenda kufanya kazi wapi. Hapa ndipo fani zako mbili zinapokutana, na hapa ndipo karani anapotabasamu.

Anza na Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, ya miaka ya 1980. Kampuni iliuza kuku wabichi kwa magari yenye majokofu, ikizunguka maduka na mahoteli. Meneja wa mauzo, Fowler, aliacha kazi, akaanzisha magari yake mwenyewe katika eneo lilelile, na wafanyakazi kadhaa wakamfuata. Alijua wateja ni akina nani, wanataka nini, siku gani na kwa bei gani. Kampuni ikashitaki: hizo ni siri zetu. Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, hizo si siri za biashara za kumfunga mtu baada ya kuondoka. Ni ujuzi aliobaki nao kichwani. Tangu hapo mawakili wa London wamekuwa wakibishana kuhusu benki, programu na dawa kwa kutaja kesi ya kuku.

Waajiri walijifunza kuandika mapema. Katika mkataba huwekwa sharti la kutoshindana: ukiondoka, miezi kadhaa usifanye kazi kwa mshindani. Sharti likizidi kipimo linaweza kufutika lote, na kipimo ndicho kinacholisha chemba. Mwaka 1894, katika kesi ya Nordenfelt, muuza silaha aliyeuza kampuni yake alifungwa na sharti la miaka 25, dunia nzima, na mabwana wa House of Lords wakaona ni sawa. Mwaka 2019, katika Tillman dhidi ya Egon Zehnder, sharti lilikuwa la miezi 6 tu, lakini lilikataza hata kuwa na "maslahi" katika kampuni shindani, yaani pengine hisa moja. Mahakama ya Juu ilikata neno hilo na kuliacha sharti lililobaki liishi. Bi Tillman mwenyewe alikuwa ameacha kazi mapema mwaka 2017. Miezi 6 ilikuwa imekwisha kitambo. Walioendelea ni mawakili.

Na kuna bonasi. Mwaka 2008 wakuu wa benki ya Dresdner Kleinwort waliwaahidi wafanyakazi wao mfuko wa bonasi wa euro milioni 400, kwa mdomo, mbele ya mkutano. Upepo wa uchumi ulipogeuka, benki ikaona maneno ya mkutanoni si mkataba. Wafanyakazi 104 walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha kwamba ni mkataba. Utakapofanya kesi ya namna hii utajikuta ukimwonea huruma kwa dhati mtu anayedai bonasi kubwa kuliko nyumba ya wazazi wako. Hali hiyo hupita baada ya chakula.

Nirudi kwa Gandhi kidogo, maana yeye ndiye barista wa biashara ninayempendekeza. Kesi yake ya kwanza Bombay alisimama kuhoji shahidi, maneno yakamkimbia, akaketi na kurudisha ada. Mwaka 1893 wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi, Dada Abdulla na wenzake, wakamwita Afrika Kusini kusaidia dai la pauni 40,000 dhidi ya ndugu wa ukoo wao. Malipo: nauli ya daraja la kwanza kwenda na kurudi, na pauni 105. Meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Alisoma vitabu vya hesabu za biashara mpaka akazielewa, akaona gharama za mawakili zitawafilisi wote wawili, akawashawishi waende kwa msuluhishi. Mteja wake alishinda. Kisha Gandhi akamshawishi apokee malipo kwa awamu, mshindwa asifilisike. Barista wa leo akifanya hivyo atasifiwa katika hotuba, na karani atamwuliza zile siku kumi za kusikiliza kesi alizozifunga katika shajara sasa atazijaza na nini.

Pesa

Ni fupi. Ada unayosikia ikitajwa si yako: chemba itachukua pengine moja ya tano, serikali itachukua yake, na solisita atalipa baada ya miezi kadhaa, akikumbuka. Hadi mwaka 1990 barista hakuweza hata kumshitaki mtu kwa ada isiyolipwa, kwa kuwa ilihesabiwa zawadi. Wenyewe husimulia kwamba kile kifuko kidogo mgongoni mwa joho kilikuwa cha mteja kutumbukiza chochote bila barista kuonekana akitazama. Kodi inalipwa Januari 31 na Julai 31. Barista anayekununulia chakula cha jioni mwezi Desemba usimkubalie, hajui anachokifanya.

Nani ni mfanyakazi

Utatumia nusu ya maisha yako ukilijibu swali hili kwa ajili ya wengine. Waosha magari wa Autoclenz walipewa mikataba inayosema ni wafanyabiashara huru wanaoweza kumtuma mtu mwingine badala yao. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikasema karatasi iwekwe kando, itazamwe hali halisi. Madereva wa Uber wakafika hapohapo Februari 2021. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya wanasheria wenyewe, na njia ilipita kwetu: Bates van Winkelhof, mbia katika kampuni ya Clyde & Co, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam alipotoa taarifa ya madai ya rushwa, ambayo hukumu hiyo haikuyaamua; akaondolewa. Mahakama ya Juu ilisema hata mbia anaweza kulindwa na sheria kama mfanyakazi anayefichua maovu. Mabarista walioifanya kesi hiyo walikusanya mafaili yao na kurudi chembani, wakiwa bado si wafanyakazi.

Njia moja ya kutoka ni ujaji. Ukikubaliwa, mwisho wa yote utakuwa na mshahara, pensheni na mapumziko. Wengi huanza kwa kukaa kitini kwa siku, kwa malipo ya siku, bila pensheni. Barista mmoja, O'Brien, alifanya hivyo tangu 1978 hadi alipostaafu mwaka 2005, akauliza mbona wenzake wa kudumu wana pensheni na yeye hana. Wizara ikajibu kwamba jaji si mfanyakazi. Kesi ilikwenda Luxembourg, kwenye mahakama ya Umoja wa Ulaya, na kurudi, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikamwambia ni mfanyakazi, kwa sheria ile ya wanaofanya kazi kwa muda. Mwaka 2019 jaji mwingine, Gilham, aliyelalamikia mzigo wa kazi na usalama katika mahakama, aliambiwa hana mkataba wa ajira na kwa hiyo si mfanyakazi kwa sheria ile ya kufichua maovu, ila atalindwa kwa mlango wa haki za binadamu.

Halafu wakaja majaji wengine wa muda kudai pensheni kwa njia ya O'Brien, na wizara ikawarukia na pingamizi ambalo wao wenyewe wamelisikia kila wiki: mmechelewa. Kwa dai la namna hiyo muda ulikuwa miezi mitatu. Wafagizi, wapishi na walinzi hutupiwa madai yao kwa kuchelewa siku moja. Wizara ilisema muda wa majaji ulianza kuhesabiwa kila uteuzi mmoja ulipokwisha, mingine miaka mingi nyuma. Desemba 2019, katika Miller dhidi ya Wizara ya Sheria, Mahakama ya Juu ilitazama vizuri ikaona muda ulianza siku ya kustaafu. Walikuwa wamewahi.